Makaratasi yasiyo na karatasi: viza ya kielektroniki ya Uingereza ilivyonitoa jasho kaunta

Naanza na nyota moja. Tukifika chini tutaangalia kama hasira imepoa.

Aliyewahi kuishi Uingereza anajua maana ya "makaratasi". Ukisikia watu wanaulizana, "Fulani keshapata makaratasi?" hakuna anayezungumzia daftari; wanazungumzia ruhusa ya kuishi nchini humo. Kuna watu wamesota miaka kumi kwa ajili ya makaratasi, wamekosa misiba ya wazazi wao, wamefanya kazi za usiku zisizosemeka. Mimi yangu niliyapata kwa njia ya halali, kwa ada ambazo nikizijumlisha naumwa kichwa, nikapewa kadi ngumu yenye picha yangu. Picha mbaya, lakini ile kadi niliipenda kuliko hereni zangu za dhahabu. Halafu tukaambiwa kadi zinafikia mwisho 31 Desemba 2024, hata kwa mtu ambaye ruhusa yake ya kuishi bado ina miaka, na kwamba kuanzia hapo ruhusa yako itakaa mtandaoni. Fungua akaunti, basi.

Nikafungua. Sitawachosha na habari za kupiga picha ya uso mara saba, sogea karibu, mwanga hautoshi, vua miwani. Iliisha. Na nikiri kitu mapema ili msinione mtu wa kulalamika tu: ndani ya Uingereza huduma hii ni tamu. Nilibadilisha kazi, kutoka nyumba moja ya kulea wazee kwenda nyingine hapahapa Leicester. Meneja mpya akataka uthibitisho kwamba naruhusiwa kufanya kazi. Nikaingia kwenye akaunti, nikabonyeza, ikatoka namba ya herufi na tarakimu tisa, inayoanza na W kwa ajili ya kazi. Nikamtumia. Kabla chai yangu haijapoa akawa amenijibu kwamba tayari. Mwenye nyumba naye anapewa ya kwake inayoanza na R. Namba inaishi siku 90 kisha inakufa, na mtu akiiokota haimfikishi mbali. Binamu yangu aliwahi kusahau kadi yake kwenye basi akalia wiki nzima. Hayo yamekwisha.

Sasa twende Dar.

Nilikwenda kwenye harusi ya mdogo wangu, miezi ile joto likianza kupungua. Harusi ilikuwa nzuri, sitaki kuichanganya na habari hii. Siku ya kurudi nikafika uwanjani saa nne kabla, mabegi mawili ya kilo 23, mchele wa Kyela, dagaa wa Kigoma, ubuyu wa Zanzibar ambao tayari ulikuwa umeanza kutia doa khanga zangu. Nikafika kaunta. Dada wa pale, sitataja shirika lake la ndege, alikuwa na kucha ndefu kiasi kwamba alikuwa anabonyeza kompyuta kwa ubapa wa vidole. Akafungua pasi yangu ukurasa kwa ukurasa, mpaka ule wa mwisho wenye maelekezo, kisha akaanza upya.

"Mama, viza iko wapi?"

Umri wangu miaka thelathini na nane. Mama! Nikameza. Nikamwambia, "Dada, mimi ni mkazi, siku hizi hakuna viza ya kubandika wala kadi. Iko mtandaoni."

Akaniangalia kama muuza chapati aliyepewa noti ya elfu kumi alfajiri.

"Mtandaoni hata mimi nina nyumba Masaki."

Foleni yote ikacheka, maana Masaki ndiko wanakoishi matajiri wa Dar. Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyotoka kinywani mwake, na nitaikumbuka mpaka siku nitakayozikwa. Nikatoa ile kadi ya zamani, niliibeba kwa mapenzi tu. Akaisoma tarehe kwa sauti, watu wasikie, akasema, "Hii imekufa." Nikamwonyesha skrinishoti ya ukurasa wangu niliyoipiga nikiwa Leicester. "Hiyo hata mwanangu wa darasa la sita anaitengeneza." Kwa hilo, nikitulia leo, siwezi kumlaumu. Hata maelekezo ya Waingereza wenyewe hayasemi kwamba skrinishoti ni ushahidi.

Basi nifungue akaunti mbele yake. Hapo ndipo nilipoelewa nimeolewa na nani. Ukiweka namba ya pasi na tarehe ya kuzaliwa, mfumo unatuma tarakimu sita kwenye simu yako ndipo uingie. Simu ipi? Namba ya Uingereza. Laini ya Uingereza ilikuwa wapi? Ndani ya pochi, imefungwa kwenye tishu, kwa sababu wiki tatu zote nilikuwa natumia laini ya nyumbani yenye bando la bei nafuu. Nikavua hereni, nikatumia ncha yake kufungulia kitundu cha laini, mikono inatetemeka, nyuma yangu mzee mmoja ananipa ushauri ambao sikumwomba. Nikaiweka. Ikatafuta mtandao. Ikatafuta. Kumbe sikuwa nimeiwezesha kufanya kazi nje ya nchi kabla ya kusafiri. Nikachagua tarakimu zije kwa barua pepe. Barua pepe, kwa kuwa niko nchi nyingine, nayo ikashtuka, ikataka nithibitishe kwamba ni mimi kwa ujumbe ambao itautuma... kwenye namba ileile ya Uingereza.

Nilikaa juu ya begi la mchele nikacheka peke yangu. Nikampigia mama kwa simu ya shemeji kumwambia naweza kuchelewa. Mama alichosikia ni kimoja tu: "Wamekunyang'anya makaratasi?" Hapana mama, hayapo. "Hayapo yameenda wapi?" Mwelezeni nyie.

Na kinachoniuma ni kwamba Waingereza kazi hii wanaijua. Mwaka 2011 walianzisha kitengo cha huduma za kidijitali ndani ya serikali yao, na mwaka uliofuata tovuti ya GOV.UK ikaanza kumeza tovuti za wizara moja baada ya nyingine. Ingieni muione: haina maua, haina picha ya waziri akikata utepe. Herufi nyeusi kubwa, swali moja kwa ukurasa, kitufe cha kijani. Bibi wa miaka themanini ninayemwogesha kazini anaitumia mwenyewe. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliiweka Uingereza ya kwanza duniani kwa serikali mtandao, na kwa mtu anayelipia gari kodi akiwa kitandani hilo si la kushangaza. Hata kile kibandiko cha kodi kilichokuwa kikikaa kwenye vioo vya magari tangu 1921 walikifuta Oktoba 2014 na maisha yakaendelea.

Lakini angalia tofauti. Kibandiko cha gari kilipofutwa, aliyekuwa akikisoma ni askari wao, kwenye barabara zao, mwenye mashine yao. Viza yangu inasomwa na binti wa kucha ndefu Dar es Salaam ambaye akikosea shirika lake linapigwa faini kwa kumpakia asiye na ruhusa. Yeye hana sababu ya kuniamini na ana sababu nzito ya kutoniamini. Wametoa karatasi mkononi mwangu, ila mashaka wameyaacha palepale kaunta, na anayeyabeba ni mimi na dagaa wangu. Wazungu wa Umoja wa Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza walilia hivihivi kabla yetu. Mpango wao wa makazi ulifunguliwa kwa wote mwaka 2019, wengi wao wakapewa hadhi bila kadi yoyote, wakaomba sana wapewe angalau kipande cha kushika. Hawakupewa. Sisi wenye kadi tulikuwa tunawaonea huruma kwa mbali.

Akaja msimamizi. Mzee wa makamo, shati limepigwa pasi hadi linakata. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, tatizo nini?" Nikaanza kueleza, machozi yakanitangulia. Akachukua pasi, akaitazama sekunde tano tu.

"Hii pasi mpya?"

Ndiyo, mpya, ya zamani ilijaa.

"Uliwaambia Waingereza?"

Kimya.

Ndugu zangu, sikuwaambia. Mfumo wa shirika la ndege huwa unaulizana na mfumo wa Uingereza wenyewe kwa wenyewe, kwa namba ya pasi, abiria hata hajui. Kama ningekuwa nimeingiza pasi mpya kwenye akaunti yangu, huenda yule binti angeona jibu kwenye kioo chake na mimi ningekuwa nanunua maji ya bei mbaya huko ndani. Akaunti yangu ilikuwa bado imeunganishwa na pasi ya zamani. Kubadilisha ni bure, niliifanya baadaye nikiwa nimejilaza kwenye kochi, kujaza hakukuzidi muda wa kuchemsha maharage ya kopo.

Kwa hiyo kosa langu? Nusu. Sitoi zaidi ya nusu. Kadi ya zamani haikuwa inaulizia pasi yangu ina umri gani. Na ninyi Waingereza mnaoniandikia kila wiki kunikumbusha ada, mmeshindwa kunikumbusha hilo kwa herufi nyeusi kubwa?

Mzee hakunihubiria. Aliinua simu ya mezani. Ya mezani, ile yenye waya! Uingereza ina namba ya kuwasaidia watu wa mashirika ya ndege, inapokelewa saa 24. Akataja jina langu herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya ile kadi niliyoambiwa imekufa. Akasubiri. Akasema "tenkyu veri machi" kwa lafudhi ya Kitanga, akamgeukia binti, "Mpe nafasi ya dirishani." Huduma ya kidijitali ya taifa lililoongoza dunia niliipata kwa mdomo, kwa waya, kwa hisani ya mzee mmoja na kadi mfu.

Yule dada alinipa kadi ya kupandia bila kuniangalia. Hakusema samahani. Nilisubiri kidogo, nikajifanya napanga mabegi, nikimpa nafasi. Hakusema. Akaita, "Anayefuata!"

Nilipofika London, afisa wa uhamiaji aliweka pasi kwenye mashine, akatazama kioo chake, akauliza nilikuwa wapi. Harusini. Akasema karibu tena. Haikufika dakika. Ndiyo maana nasema ukiwa kwao mambo yanateleza kama mlenda, na ndiyo maana nilishaipandisha hadi nyota nne nilipokuwa kwenye treni ya kurudi Leicester.

Halafu nikakumbuka Masaki. Nyota mbili. Tuseme mbili na nusu, ile nusu ni ya meneja wangu na ile chai yangu isiyopoa.

Desemba nakwenda tena. Laini ya Uingereza nimeshaiwezesha kufanya kazi nje, barua pepe nimeifungua upya, pasi mpya imo kwenye akaunti. Na nimechapisha ukurasa mzima wa viza yangu, rangi, nikaupitisha kwenye plastiki ngumu pale duka la vifaa vya shule, pauni mbili. Hauna thamani yoyote kisheria. Uko kwenye pochi, pamoja na ile kadi iliyokufa. Mama anaiita hirizi yangu.