Radiyo ya motoka nilifungisha Birere, hapa Goma: kazi safi, ila saa ya fundi!

Radiyo yangu ya kuongea, VHF ya wati 25, ilikuwa inalala tu mu nyumba juu fundi wa kwanza, simutaji, aliiunganisha kwa waya nyembamba ya briketi ya sigara (ile tundu ya kuwashia sigara mu motoka), kila nikifinya mikro niongee inazimika. Huyu wa Birere aliangalia akacheka, eti papa, hii kitu ikirusha inakula ampere 5 ao 6, haiwezi kunywea pale. Akavuta waya nene mpaka ku batri yenyewe, na fizibo mbili, moja kwa nyekundu moja kwa nyeusi.

Anteni njo ilinitesa roho. Alitaka kutoboa paa katikati, mi nasema weka pembeni basi, akakataa, ati ile bati ya paa njo inasaidia anteni itupe sauti pande zote sawa. Kutoboa Land Cruiser na hii mvua ya Goma, munaelewa! Lakini akaziba na silikoni, mpaka leo hakuna tone. Kisha akapima ROS (inaonesha nguvu gani inarudi toka ku anteni, ikikaribia 1 njo muzuri), ilikuwa 2,8, akakata anteni kidogo kidogo mpaka 1,3.

Sasa nafika karibu na Sake bado naongea na base yetu, na ile talkie ya mkono ya wati 5 ilikuwa inakatika mapema sana. Nyuma ya kilima inapotea kabisa, ile haiko kosa yake.

Aliniambia saa mbili tu, nikatoka jioni na njaa. Wa Fuso ya volti 24, muombe apime kwanza, radiyo nyingi ni za 12, zitaungua.