Uzoefu wangu: kushuka korongo la mawe ya chokaa kwa kamba

Nianze na jambo ambalo halionekani kwenye picha za matangazo: kamba ikishavutwa, hakuna kurudi. Wote mkishamaliza kushuka poromoko la kwanza, kiongozi wa nyuma anashuka wa mwisho, anavuta upande mmoja wa kamba, nayo inapita kwenye pete ya chuma huko juu na kudondoka yote majini. Kuanzia hapo njia ni moja tu, kwenda chini. Niliisikia ile kamba ikipiga maji, tumbo likanikaza.

Hii ilikuwa safari ya kuongozwa ya nusu siku. Tulikuwa watu 8 na viongozi 2, maporomoko 7 ya kushuka kwa kamba, refu kuliko yote likiwa mita 28. Kati ya poromoko na poromoko kuna kuogelea, kutambaa juu ya mawe, na sehemu mbili ambazo maji yameuchonga mwamba ukawa mtelezo, unaketi tu na kuachia. Sijawahi kupanda miamba maishani mwangu, na sikuhitaji kuwa nimepanda. Lakini kuogelea ni lazima ujue kabla ya kwenda.

Vifaa tulipewa na kampuni iliyotuongoza: suti ya mpira ya milimita 5, kofia ngumu, glavu, na hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani ya kufungia kamba, yenye ngao ya plastiki inayofunika makalio ili mwamba usichane suti. Hanesi na kofia vilikuwa vizuri. Suti yangu ilikuwa kubwa kwa saizi moja. Nilisema, nikaambiwa itafaa. Haikufaa. Suti ya namna hii inakupa joto kwa kushika tabaka jembamba la maji kati yake na ngozi. Ikiwa pana, kila ukizama maji mapya ya baridi yanaingia na yale uliyokwisha kuyapasha moto yanatoka. Na maji ya korongo la chokaa ni baridi kwelikweli, kwa sababu mengi yanatoka kwenye chemchemi za mapangoni na jua halifiki chini. Kufikia poromoko la tatu meno yalikuwa yanagongana.

Lakini uzuri wa mahali pale! Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, na ukali huo huyeyusha chokaa polepole kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana kuta zinapinda kama kitambaa kilichokunjwa, na mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Nilipokuwa nasubiri zamu nilisogeza uso karibu na ukuta nikaona makombe ya baharini, madogo kama ukucha, yamegandamana ndani ya jiwe. Mlima huu ulikuwa sakafu ya bahari. Niliyagusa kwa kidole kimoja hadi nikaitwa.

Kushuka kwenyewe mwili unakuelewa haraka, yaani unazoea upesi. Kamba inapita kwenye kifaa cha chuma chenye umbo la nane kilichofungwa kwenye hanesi, na mkono wa chini ndio breki. Kiongozi aliniambia, "Dada, kaa hewani kama unakaa kwenye kiti, miguu itanue, na mkono wa breki usiuachie hata nyuki akikuuma." Kosa letu sote lilikuwa kuukumbatia mwamba. Ukiukumbatia, miguu inateleza, maana pale maji yanapopita chokaa imesuguliwa ikawa laini kama sahani. Ukiegemea nyuma, nyayo zinashika.

Sasa poromoko la nne, lile la mita 28. Nusu ya chini ukuta unarudi ndani, unaning'inia na hugusi chochote. Nikiwa kama mita kumi juu ya maji, msuko wangu uliotokeza chini ya kofia ukavutwa pamoja na kamba ukaingia ndani ya nane. Kichwa kikainama hadi kikagusa hanesi. Maji yananipiga bega, siwezi kupanda, siwezi kushuka, na nikipiga kelele hakuna anayesikia kwa sababu ya ngurumo. Nilikuwa na filimbi. Nikapuliza kama nilivyoweza.

Sikupata hata muda wa kuogopa vizuri. Nilihisi kamba yenyewe inashuka, nami nikining'inia kwayo, bila kamba kupita kwenye nane hata kidogo. Juu kule walikuwa wamefunga kamba kwa namna ambayo inaweza kulegezwa mtu akiwa tayari ananing'inia, na mfuko wa kamba ya akiba ulikuwa pembeni. Kiongozi akaniteremsha taratibu mpaka majini, yule wa chini akanipokea, akakata nywele kidogo sana kwa kisu, akauliza kama naona vizuri, akanishika mkono mpaka pumzi ikatulia. Kwa hili nawashukuru kutoka moyoni. Ukienda na kampuni yoyote, swali la kwanza liwe hili: mkifunga kamba, mnaweza kumteremsha mtu aliyekwama? Wakibabaika, usiende nao.

Ila habari ya nywele walipaswa kutuambia wakati wa maelekezo. Wanawake watano tulikuwa pale, hakuna aliyeambiwa azifunge na kuziingiza ndani ya suti.

Jambo jingine walilofanya vizuri ni hali ya hewa. Safari yetu ilikuwa imepangwa siku moja kabla, wakaiahirisha ingawa pale chini jua lilikuwa linawaka, kwa sababu mvua ilikuwa juu mlimani. Kuna walionung'unika. Mimi nilipoona kipande cha gogo kimekwama kati ya kuta mbili, mita nyingi juu ya vichwa vyetu, nilielewa maji hufika wapi yakija.

Mwishoni kuna kupanda kwa miguu karibu saa nzima kurudi kwenye gari, ukiwa na suti iliyolowa begani. Hilo nalo waliseme mapema, na watu wabebe viatu vikavu.

Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyobakiza ni ya suti na nywele. Kiongozi aliyenipokea chini ningempa zote.