Mbuzi wa kufuga Mombasa: kabla ya bei, uliza baba yake ni nani

Malalamiko yanayonifikia kutoka Mikindani, Utange na ng'ambo ya Likoni yanashabihiana mno. Mtu amenunua majike wawili watatu pamoja na beberu wao, amejenga banda zuri, na chakula kipo. Majike wanashika mimba, miezi mitano inapita, kisha wanazaa vitoto dhaifu visivyoweza kusimama vikanyonya. Kimoja taya la chini ni fupi, kingine kina korodani moja. Jirani anasema ni jicho. Daktari wa mifugo anadunga vitamini. Hakuna aliyeuliza wale mbuzi walitoka zizi gani.

Ndiyo maana mwongozo huu hauna habari za meno, macho wala kwato. Hayo mmeyasoma kwingi. Nataka tuzungumze juu ya ukoo, kwani ndiyo kasoro isiyoonekana siku ya kununua.

Beberu mmoja anatosha majike 25 hadi 30, kwa hivyo zizi zima laweza kuwa na baba mmoja. Akiachwa humo miaka minne, atawapanda binti zake, kisha wajukuu. Mtoto wa baba na binti ana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila jeni, wa kurithi nakala mbili zilizo sawa kutoka kwa beberu yule yule. Wakizaana ndugu wa baba mmoja, ni asilimia 12.5. Ubaya uliokuwa umejificha kwa sababu mzazi wa pili alikuwa mzima, hapo hukutana na mwenziwe ukajitokeza.

Sasa njoo Mariakani siku ya mnada. Dalali ameshika kamba ya beberu mkubwa, anaushusha mdomo wake wa chini uone meno, halafu anakuonyesha majike waliofungwa pembeni: "Mama, hawa wote ni wanawe, ona walivyofanana naye!" Anasema kwa fahari, na kwa kufanana huko anaongeza bei. Hili linaniudhi kuliko jambo lolote katika biashara ya mbuzi. Mnunuzi analipa zaidi kwa kitu kile kile ambacho kingepaswa kumkimbiza.

Chaguo langu la kwanza, na mapenzi yangu siyafichi, ni mbuzi wa kienyeji wa hapa hapa kwetu, wale wadogo wa Kwale na Kilifi. Watu huwadharau kwa umbo, maana jike mzima aghalabu hazidi kilo 30. Lakini tazama kundi la Mgiriama au Mduruma: mweusi, wa kahawia, mwenye mabaka, mwenye ndevu, asiye nazo. Rangi peke yake si kipimo cha jeni, ila inakuonyesha mbuzi ambao hakuna aliyewachuja wawe na sura moja, nao wamekuwa wakihama kijiji hadi kijiji kwa mahari na kwa biashara. Watafiti wanaosoma jeni za mbuzi hukuta tofauti nyingi zaidi ndani ya kundi moja kuliko baina ya aina na aina. Huo ndio utajiri unaoununua.

Na faida yake kwa Pwani imepimwa. Miaka ya 1990, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga mbuzi hawa pamoja na Galla, mbuzi weupe wa kaskazini, huko Diani, kwenye unyevu na minyoo ya kwetu. Galla alikuwa na mwili mkubwa, lakini wa kienyeji ndiye aliyeistahimili minyoo vizuri zaidi, na vifo vya watoto wake vilikuwa vichache. Nani tena aniambie mbuzi mdogo ni hasara?

Galla namweka wa pili. Jike wake hufika kilo 45 hadi 55, na wafugaji wa kaskazini humsifu kwa maziwa. Ukiwa na shamba Kinango, Samburu ya Kwale au Ganze, kukavu, mchukue bila wasiwasi. Ukiwa kisiwani au Bamburi, jiandae kupambana na minyoo kila mvua zinapoanza. Tatizo la soko letu ni kwamba mbuzi yeyote mweupe siku hizi ni "Galla" na bei inaruka. Mwenye nafasi aende kuulizia kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo cha KALRO Kiboko, kule Makueni, ambako Galla wamefugwa kwa rekodi.

Wa maziwa, yaani Alpine na Toggenburg na machotara wao, ni wa tatu. Asili yao ni nchi za baridi na joto letu huwatesa. Uzuri wao ni kwamba chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa kilichoko Nyeri, DGAK, huwasajili na kuwazungusha mabeberu baina ya vikundi. Basi dai cheti cha ukoo. Bila cheti, ondoka. Halafu angalia pembe. Ukimpandisha jike aliyezaliwa bila pembe kwa beberu aliyezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto waliopaswa kuwa majike huzaliwa huntha, si dume wala jike, na hawazai kamwe. Mmoja wa wazazi lazima awe alizaliwa na pembe, hata kama zilichomwa utotoni. Muuzaji atakwambia wasio na pembe ni watulivu zaidi. Usimsikilize.

Boer wa Afrika Kusini ni nyama tupu na bei ya kutisha, sioni sababu. Mbuzi wa bei ya kutupa wa kando ya barabara ni wa kuchinja.

Ukinunua, majike watoke Kinango na beberu atoke Bamba, kwa wauzaji tofauti. Chukua kibali cha kusafirisha kutoka ofisi ya mifugo, na watenge wageni wiki tatu kabla ya kuwachanganya. Madume wadogo watoe kwa mama zao na dada zao wakifika miezi mitatu, kwani wakifika minne wanaweza kupanda. Beberu mbadilishe na mfugaji wa mbali kabla binti zake hawajakomaa.

Na beberu huyo mtafute miezi kadhaa kabla ya Idd el-Hajj. Ikikaribia, matajiri na wachinjaji huwamaliza madume wote waliokua haraka, na bei hupanda kupita kiasi. Wanaobaki sokoni baadaye ni wale waliokataliwa, na hao ndio huachiwa kuzalisha mwaka mzima.