Viongezi vya chakula cha broila: ununue kipi kwanza, kipi ukiache rafuni

Ingia agroveti yoyote Kangemi au Ruai useme broila wako wa wiki tatu hawakui. Muuzaji hakuulizi wanakula nini; mkono wake tayari uko rafuni. Mimi nilitoka na pakiti tatu. Nyumbani nikasoma karatasi iliyoshonwa kwenye mdomo wa gunia: mbili kati ya hizo zilikuwa zimo ndani ya chakula. Kwa hiyo anza na karatasi hiyo, maana anayenunua chakula cha kiwandani na anayechanganya mwenyewe hawahitaji vitu sawa.

Kwa anayechanganya, naweka mbele kinasa sumu, ile wanayoiita toksini baina. Aflatoksini, sumu ya kuvu ya mahindi, iliua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004. Kuku haanguki siku moja: ini linaumia, anakula bila kunenepa, hata chanjo haimshiki vizuri. Udongo wa bentonaiti huinasa sumu hiyo tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Kipimo cha kawaida ni kilo 1 hadi 2 kwa tani, yaani gramu 70 hadi 140 kwa gunia la kilo 70. Usinunue cha kupimiwa kwa kijiko kwenye karatasi isiyo na jina. Na mahindi yaliyoota kuvu, yamwage tu.

Cha pili ni kinga ya kuhara damu, hasa Julai maranda yanapokataa kukauka. Chakula cha kiwandani mara nyingi huwa na salinomaisini, dawa ya kinga hiyo, tayari. Ikiwa imo, usitie antibiotiki ya tiamulini kwenye maji: zikikutana, kuku hulegea miguu na kufa. Gunia hilo pia likae mbali na punda wa jirani, kwake ni sumu.

Nafasi ya tatu naipa fitesi. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mahindi, soya na pumba imefungwa, kuku haifikii. Kimeng'enya hiki huifungua, nawe unapunguza DCP, unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi, ambayo ndiyo hutafuna mfuko. Ukinunua chakula kilichokamilika, ruka.

Probiotiki, yaani bakteria hai wazuri kwa tumbo, inafuata, ila maji ya mfereji ya Nairobi yana klorini, na klorini huua bakteria uliowalipia. Chagua ya mbegu za bakteria wa Bacillus ya kuchanganya kwenye chakula, au tumia maji ya mvua.

Vitamini za maji? Siku vifaranga wanapofika na siku za chanjo. Basi.

Mwisho kabisa ni unga wa antibiotiki unaouzwa kama "wa kukuza". Ulaya iliupiga marufuku kwa kazi hiyo mwaka 2006, kwa sababu huzalisha vijidudu sugu vinavyomfikia binadamu. Daktari wa mifugo akiuandika kwa kuku wagonjwa, sawa. Lakini muuzaji asiyeweza kukutajia siku za kusubiri kabla ya kuchinja, mrudishie pakiti yake.