Fundi viatu wa pembeni mwa Soko Kuu Mtwara, na raba zilizonifikisha Mikindani

Jumapili iliyopita nilitembea kutoka uwanja wa Nangwanda Sijaona hadi Mikindani na kurudi, katika matembezi ya hisani ya kuchangia taulo za kike kwa wasichana wa shule. Kwenda na kurudi ni kilomita 20 na ushei. Nilirudi bila lengelenge hata moja, na sifa za hilo ni za mzee mmoja anayekaa na sanduku lake la mbao chini ya mti wa mkungu, pembeni mwa Soko Kuu.

Mwaka jana nilitembea njia hiyohiyo na raba mpya za dukani, shilingi 45,000. Zilikuwa nzuri kwa macho. Tulipofika Mikindani, soli ya kulia ikaachia kuanzia kidoleni mpaka katikati, kila hatua inazoa mchanga. Nikanunua kandambili na kurudi nazo mpaka mjini. Ukucha wa kidole gumba ulitoka baada ya wiki mbili, na darasani nilifundisha siku nne nimekaa kwenye kiti. Niliumia zaidi kwa sababu wanafunzi wangu wa kike walikuwa wamenisubiri uwanjani kunipokea, nami nikafika nachechemea, watu wameshatawanyika.

Safari hii nilianza na fundi kabla ya kiatu. Nilichukua raba za mtumba kwa makubaliano na muuzaji kwamba fundi akizikataa nazirudisha. Jozi ya kwanza ilikuwa nyeupe, safi, kama haijawahi kuvaliwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Sehemu ya juu ya kiatu hakuiangalia kabisa. Alibonyeza soli kwa kidole gumba, akaachia, akangoja. Pale alipobonyeza pakabaki na shimo. Akaikunja raba, ikalia, na mstari mwembamba ukatokea pembeni.

"Hii imelala sana stoo. Kiatu kikikaa miaka bila kuvaliwa, gundi inakauka na sponji ya soli inazeeka. Utafika nacho Magomeni hapa mjini, Mikindani hufiki. Karudishe."

Angeweza kuchukua hela yangu na kuzishona zilezile, mimi nisingejua. Kwa hilo peke yake ningempa nyota zote. Jozi ya pili, shilingi 22,000, ilikuwa imechakaa kidogo kisiginoni lakini soli yake ukiibonyeza inainuka yenyewe. Akaikubali. Akanivalisha na soksi nitakazotembea nazo, akaingiza kidole chake nyuma ya kisigino changu kupima nafasi. Aliniambia kiatu cha mwendo mrefu kinajaribiwa jioni, maana mguu wa jioni umeshavimba, na huo ndio mguu utakaokuwa nao ukifika kilomita ya 15. Ile raba ya mwaka jana niliijaribu saa tatu asubuhi.

Nilimwomba abandike na kipande cha tairi chini ili idumu. Akakataa. "Tairi ni la shamba. Ukiongeza uzito mguuni, unaubeba kila hatua. Hesabu hatua za kwenda Mikindani."

Kazi yenyewe ni ya mkono mtupu. Anafungua pale gundi ilipolegea, anakwangua ile ya zamani yote, anapaka mpya, anaiacha ishike, halafu anashona soli kuzunguka kiatu kizima kwa uzi mnene wa nailoni alioupitisha kwenye nta. Sindano yake ina kijino cha kunasa uzi: inazama, inanasa, inatoka, na mshono unalala ndani ya mfereji mdogo aliouchora kwa kisu ili uzi usisuguliwe na lami. Huo mfereji ndio wengi hawauchori. Nimewahi kushonewa kwingine, uzi ukabaki juu ya soli, ukakatika ndani ya mwezi. Alinitoza 5,000 kwa jozi.

Sasa njia. Tulitoka saa 12 na nusu asubuhi, upepo wa kusi uko mgongoni, watu wanaimba. Kwenda ni raha. Bahari inajitokeza, mikoko, minazi, halafu mji wenyewe na lile Boma la Wajerumani la 1895 pale juu. Mikindani ndipo David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alipoanzia kuingia bara mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho, akiwa pamoja na watumishi wake, kina Chuma na Susi. Darasani huwa nasema zaidi habari za hao wawili, walioubeba mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Siku hiyo nimesimama pale na kilomita 10 tu miguuni, niliwafikiria wao kuliko bwana wao.

Kurudi ndiko kwenye mtihani. Kusi sasa liko usoni, jua limepanda, lami inatoa joto kupitia soli, na meza ya maji ya katikati ya njia tuliikuta imekwisha. Waandaaji waliangalie hilo, maana wanaorudi wa mwisho ndio wazee na watoto. Tuliokolewa na muuza madafu na akina mama waliokuwa na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye beseni. Nilikaa kwenye jiwe nikala, nikavua kiatu kukagua. Mshono ulikuwa palepale. Vidole nilikuwa nimevipaka mafuta ya mgando kabla ya kuvaa soksi, bado vinateleza. Mama mmoja aliyekuwa na raba mpya alikuwa anafunga kisigino kwa leso. Nilimpa plasta nilizobeba kwa ajili yangu.

Kasoro zipo. Fundi aliniahidi Alhamisi, nikapata Jumamosi saa 11 jioni, matembezi ni kesho yake asubuhi; usiku ule sikulala vizuri. Mpelekee kazi wiki mbili kabla, upate na muda wa kuzivaa kwenda sokoni na kazini mpaka mguu uzizoee. Pili, tundu za sindano zinapitisha maji. Nilikanyaga dimbwi karibu na magenge ya Mikindani na soksi ya kushoto ikalowa. Nilikuwa na soksi ya akiba, nikabadilisha. Ukitembea masika, hilo lifikirie. Tatu, hana sehemu ya kukaa mteja, unasimama juani au unajibanza naye chini ya mkungu.

Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya sala. Siku nyingine yupo kuanzia saa mbili mpaka alasiri. Peleka viatu vimeoshwa na vimekauka. Vyenye matope anakurudishia.

Jumapili nilifika uwanjani saa sita kasoro, watu bado wapo. Wasichana wangu saba walikuwa langoni, wakanipokea mkoba. Raba nimezifua, ziko dirishani. Mshono mmoja wa kidole cha kushoto umeanza kulegea, Jumatatu nampelekea babu.