Pawa benki ya sumaku kutoka Makoroboi: kuganda inaganda, kuchaji ndo kuna maneno

Wadau mnaoniuliza kila siku ile pawa benki inayong'ang'ania nyuma ya simu bila waya nimeitoa wapi na kama inafaa, leo nawajibu wote kwa pamoja maana nimechoka kutuma voisi. Nimeichukua mjini Mwanza, Makoroboi, kijana wa duka alianzia 95,000 tukavutana weee mpaka 75,000, niko nayo wiki ya sita sasa na nimeshavuka nayo Ukerewe mara mbili.

Hii mambo ya sumaku ilianza na iPhone 12 mwaka 2020, Apple wakaiita MagSafe. Januari 2023 kule Las Vegas kwenye CES, maonyesho ya vifaa vya elektroniki, ikatangazwa Qi2, yaani sumaku kama hiyo ila ruksa kwa kampuni zote, wati 15, halafu 2025 wakaipandisha mpaka 25. Ndo maana siku hizi ukiangalia video za CES meza zimejaa madude haya, ya kubandika, ya kukunja kama pochi, stendi inachaji simu na saa na vile vya masikioni kwa mpigo. Kopi zake nazo hazichelewi kufika huku. Ya kwangu boksi limeandikwa 15W kwa maandishi makuubwa ila nembo ya Qi2 hamna popote, na mimi kwa kiherehere changu nimekuja kugundua hilo nimeshafika nyumbani.

Nianze na sifa zake. Mimi nakaa Igoma, asubuhi kwenye daladala unasimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu, zamani pawa benki ilikuwa kwenye mkoba waya unaning'inia kila anayeshuka anapita nao. Sasa hivi simu na pawa benki ni kitu kimoja mkononi, raha tupu. Ofisini pia naibandika naendelea na kazi. Kwa hilo naipa maua yake.

Shida ni joto jamani. Wayalesi, yaani kuchaji bila waya, inafanya kazi kwa koili mbili (nyaya zilizozungushwa duara) zinazotazamana, moja kwenye pawa benki moja kwenye simu, zikipishana kidogo tu umeme mwingi unaishia kuwa moto badala ya kuingia kwenye betri. Sasa Samsung S21 Ultra yangu (used ya Dubai, msinicheke) wayalesi inayo ila sumaku haina, inabidi nitumie kava lenye ringi ya sumaku, na kava la kwanza nililochukua kwa machinga ringi ilikuwa imekaa kombo. Safari ya kwanza ya Nansio, bandari ya Ukerewe, nilikaa juu kwenye meli, jua la saa sita, nikabandika, baada ya kama nusu saa naishika simu imechemka kama kikaango cha sato na chaji imesimama yenyewe. Masaa matatu na ushee ya ziwani nimefika na asilimia 31. Safari ya pili nikawa na kava lingine, nikakaa ndani kivulini, ikaenda vizuri.

Na kwenye bodaboda msithubutu. Kuna tuta kule Mabatini, nilikuwa natoa simu kwenye mkoba, dude likachomoka likadondoka lami, limebaki na kovu mpaka leo.

Hesabu sasa. Imeandikwa mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba) ila hizo ni za ndani kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37, kabla umeme haujapotea njiani. Nimepima nyumbani siku umeme umekatika: kwa wayalesi imejaza simu kutoka asilimia 15 mpaka 100 mara moja, ya pili ikaishia 38. Siku nyingine nimetumia waya wa taipu C, hiyo hiyo pawa benki, ya pili ikafika 71. Tofauti yote hiyo imeenda kwenye joto. Kwa hiyo nikiwa na safari ndefu nabeba ya zamani ya mAh 20,000 na waya wake, ya sumaku inabaki ya mjini. Halafu zile nyepesi kama sabuni zimeandikwa 50,000 kwa elfu ishirini achaneni nazo, 50,000 ya kweli uzito wake unaikaribia kilo.

Kingine, angalieni kwanza kama simu yako ina wayalesi. Simu nyingi za bei ya kawaida hazina hiyo koili kabisa. Shemeji yangu aliiona ya kwangu akaenda duka lile lile akanunua, kijana akamgandishia kile kiringi cha chuma nyuma ya simu yake ya laki mbili na nusu, ikashika kama kupe, akaja nayo nyumbani anafurahi, usiku mzima imeganda, asubuhi simu imezima. Tukarudi wote dukani. Kijana anatuangalia usoni: "Dada zangu, kwani si inashika?"

Hela hakurudisha. Shem sasa anaichomekea waya, na kiringi amekibandua akakipachika mlangoni kwa friji, anabandikia leso ya sufuria yenye kisumaku.