CoQ10 kopo la tatu, nasema nilichokiona

Haya wadau, nimemaliza kopo la tatu la CoQ10, vile vidonge vya kirutubisho cha nyongeza, miligramu 100 kila siku. Hii kitu mwili unaitengeneza wenyewe, iko kwenye mitokondria (vile vijisehemu vya ndani ya seli vinavyozalisha nguvu) inasaidia seli kupata nguvu na pia ni antioksidanti, yaani inakinga seli zisiharibiwe, sasa umri ukisogea inapungua ndo maana wanatuuzia sisi tuliovuka 50 😅 Kosa langu mwezi wa kwanza nilikua nameza tumbo tupu, kumbe inayeyuka kwenye mafuta, inatakiwa umeze na chakula chenye mafuta mafuta kidogo. Nguvu je? Ngazi napanda bila kusimama katikati, ila nilianza na kutembea jioni kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Mikunjo ya uso iko palepale, yale maandishi ya "rudisha ujana" kwenye kopo ni porojo tupu. Halafu vile vidonge laini vya kopo la pili vilikua vimegandana mpaka nikavibandua kwa ncha ya kijiko, kero kweli. Kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) muone daktari kwanza, inaweza kuipunguzia nguvu. Nyota 3 kati ya 5.